Nusu ya Jibu la Umm Musallam

Gari la Musallam lilikuwa likinuka vitu vitatu kwa pamoja: mbuzi, petroli na kahawa ya iliki. Mbuzi walikuwa wamepanda jana yake, petroli ilikuwa ndani ya dumu lililofungwa kamba nyuma ya viti, na kahawa ilikuwa katika chupa nyekundu aliyoibana katikati ya mapaja huku akiendesha. Hata leo, Nizwa ninakoishi, nikipita karibu na gari la namna ile kwenye kituo cha petroli moyo hunidunda kabla akili haijajua kwa nini. Harufu ile hunipeleka moja kwa moja mbele ya mwanamke niliyemkosea, kisha mbele ya bibi yangu, ambaye nilimkosea zaidi. Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Ilikuwa likizo ya majira ya baridi, skuli zimefungwa, na nyumba yetu ya Ibra ilikuwa na wageni kutoka Unguja.

Wageni wenyewe walikuwa Bi Shemsa, mdogo wake bibi yangu wa kuzaliwa tumbo moja, na bintiye Rahma, ambaye nilimwita shangazi. Bibi yangu, Bi Zaina, aliondoka Unguja na mumewe mwaka wa mapinduzi, mwanamke mbichi mwenye mtoto mmoja mgongoni, na mtoto huyo ndiye baba yangu. Bi Shemsa alibaki kwa sababu alikuwa ameposwa na mtu wa Makunduchi. Walidhani wataonana baada ya mwaka mmoja au miwili. Ikapita miaka zaidi ya thelathini na mitano, ya barua zilizochelewa na kaseti za sauti zilizobebwa na wasafiri, mpaka siku ile baba alipowaleta kutoka uwanja wa ndege wa Maskati, na Bibi akatoka mlangoni bila ya viatu. Hawakulia kama nilivyotarajia. Walishikana mikono na kutazamana meno. "Umeng'oka mbele," alisema Bibi. "Na wewe umenenepa," akajibu mdogo wake. Kisha wakaingia jikoni na kwa wiki tatu hawakutoka, ila kusali na kulala.

Nyumbani kwetu Kiswahili kilikuwa lugha ya jikoni na Kiarabu lugha ya barazani. Bibi alitufunza kusema shikamoo kabla hatujajua kusema maji. Skuli nilikuwa nikikificha Kiswahili changu kama mtu anavyoficha kiraka cha nguo. Walikuwapo wasichana wa darasa langu walioniita "Zinjibari" kwa namna ya kuvuta pua, na wawili kati yao walikuwa watoto wa mabedui, wanaoletwa kwa basi kutoka pembezoni mwa mchanga. Sisi wa mjini nasi tulikuwa na maneno yetu ya kuwaita. Nayataja haya si kwa kujitetea. Nataka tu ijulikane kwamba siku ile nilipopanda gari la Musallam nilikuwa na kinyongo kidogo dhidi ya watu wake, kinyongo cha kitoto, lakini hata mwiba mdogo huingia nyamani.

Baba ndiye aliyepanga safari. Alitaka wageni waone jangwa, wasije wakarudi Unguja wakasema Omani ni jiko la dada yake mtu. Kazini kwake walimwelekeza kwa Musallam wa Mintirib, bedui wa makamo mwenye ndevu fupi na macho yaliyokunjamana kwa jua, ambaye kazi yake ilikuwa kuwatembeza wageni mchangani na kuwarudisha siku hiyo hiyo. Baba mwenyewe alikuwa zamu. Bibi magoti yake hayakuwa ya kurushwarushwa ndani ya gari. Bi Shemsa hakujua Kiarabu zaidi ya kile cha sala, na Rahma alijua salamu tu. Basi nikachaguliwa mimi niwe mkalimani. Asubuhi ile Bibi alinifunga mtandio, akanishika kidevu. "Wewe ndiye ulimi wao leo," aliniambia. "Ulimi ni amana, mwanangu. Usiuache ukacheza."

Kutoka Ibra mpaka Mintirib ni mwendo wa chini ya saa moja, nyumba na mitende, kisha ghafla mchanga umesimama mwisho wa mtaa kama ukuta wa nyumba isiyokwisha kujengwa. Musallam alishuka akapunguza upepo wa matairi, akapanda tena, akasema bismillahi, na gari likaanza kuelea. Bi Shemsa alishika kiti cha mbele kwa mikono miwili akasoma kila alichokijua. Rahma alicheka mpaka machozi. Alikuwa mwanamke wa miaka ishirini na minane hivi, mwenye kamera ya filamu shingoni, akifanya kazi katika duka la Mji Mkongwe linalouzia watalii vitu vya ukumbusho. Tangu siku ya kwanza alizungumza na mimi kama mtu mzima mwenziwe. Alinitia wanja, alinipa bangili, alinisifu nywele. Nilikuwa tayari kumfanyia lolote.

Kwenye bonde moja Musallam alisimamisha gari akatuonesha nyayo. Alitueleza kwamba ngamia yule amepita alfajiri, kwamba ni jike, ana mimba, ni wa binamu yake, na mguu wa nyuma wa kushoto unamuuma. Nilitafsiri kila neno, kwa sababu mimi mwenyewe nilistaajabu. Rahma alinikonyeza akasema, "Huyu baba anatuuzia maneno." Musallam aliniuliza mgeni amesema nini. Nikamwambia, "Anasema mashaallah." Alitabasamu akaweka mkono kifuani. Huo ndio uwongo wangu wa kwanza siku ile, na ulikuwa mtamu, maana watu wawili walifurahi kwa wakati mmoja na mimi ndiye niliyewafurahisha.

Tulifika kwenye majabali jua lilipokuwa limeshapanda. Sijui niyaelezeje kwa mtu asiyeyaona. Katikati ya mchanga laini, ambao mtu akipiga hatua unamfuta nyayo, yamesimama mawe ya rangi ya asali, tabaka juu ya tabaka kama chapati zilizopangwa sahanini, mengine yametobolewa na upepo yakawa madirisha, mengine yamebaki shingo nyembamba iliyobeba kichwa kikubwa. Ukiweka kiganja upande wa kivulini jiwe ni baridi kama mtungi; upande wa pili linaunguza. Upepo ukipita kwenye yale matundu ulitoa sauti ya mtu anayevuta pumzi. Musallam alikwenda mbele yetu taratibu, akigusa kila jabali kama mtu anayewajulisha wageni kwa jamaa zake. Hili linaitwa Ngamia Aliyepiga Magoti. Hili Mlango. Yale matatu ni Mabinti, kwa sababu yamesimama pamoja na hayatazami mtu. Alitueleza kwamba majabali haya yote yalikuwa mchanga tu hapo kale; upepo uliukusanya, mvua na chokaa vikaugandisha, na sasa upepo ule ule ndio unaoyala tena na kuyarudisha kuwa mchanga. Alisema babu yake alimfundisha kusali dhuha pale, kwa sababu hapana mahali panapomfanya mtu ajione mdogo kama pale.

Mimi niliona maneno hayo hayana chumvi. Nikamwambia Bi Shemsa kwamba yale mawe matatu walikuwa mabinti wa kweli waliokataa kuolewa, jini akawageuza. Bi Shemsa alijivuta nyuma akasoma Ayatul Kursiyyu, na Rahma akaangua kicheko akampiga mama yake picha akiwa katika hali hiyo. Musallam aliwaangalia, mkono ungali juu ya jiwe. "Nimesema jambo la kuchekesha?" aliniuliza. "Hapana, Ami Musallam," nikajibu. "Wamefurahi tu." Hakuuliza tena, lakini aliyapita majabali yaliyobaki bila ya kuyasema majina. Ulimi hauna mfupa, na mimi nilikuwa nimeshaonja raha ya kuupinda.

Mchana alitupeleka nyumbani kwa mama yake. Ilikuwa nyumba ya makuti ya mitende yenye vyumba viwili, zizi la mbuzi upande mmoja, tangi la maji la bati upande wa pili. Musallam alibaki nje na mjomba wake, sisi wanawake tukaingia ndani. Umm Musallam alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, labda wa umri wa Bi Shemsa, amevaa burqa, ile barakoa ya kitambaa kigumu inayong'aa, yenye mdomo kama wa ndege mbele ya pua, ambayo wanawake wa kibedui huivaa tangu wakiolewa. Alitukalisha, akatutilia kahawa, akatusukumia tende na maziwa ya ngamia. Baadaye alitandaza miguu akaendelea na kazi yake ya kufuma mkanda wa ngamia, wa sufi nyekundu na nyeusi, ncha moja imefungwa kwenye kidole gumba cha mguu.

Bi Shemsa alimtazama kidogo kisha akasogea. Aliomba kwa ishara apewe nyuzi. Umm Musallam akampa. Bi Shemsa akaanza kuzisuka kama anavyosuka ukili wa mkeka kwao Makunduchi, vidole vikienda bila ya kutazamwa, na yule bedui akaacha kazi yake akainama kuangalia. Akajaribu, akakosea, wakacheka wote wawili. Akajaribu tena, akapata. Walizungumza kwa muda mrefu, huyu kwa Kiswahili na huyu kwa Kiarabu, na kila mmoja aliitikia kwa kichwa. Hawakunihitaji. Nilikaa pale nimekunja miguu nikajiona kama kiti kilichozidi. Nilitia neno mara mbili, na mara zote mbili Bi Shemsa aliniambia, "Ngoja mwanangu, tunaelewana."

Adhana ya adhuhuri ilipotoka kwenye redio ndogo, Umm Musallam aliinuka kwenda kutia udhu. Aliporudi hakuwa na burqa. Sote tulikuwa wanawake, hapakuwa na neno. Uso wake ulikuwa mwembamba, mzuri kwa namna ambayo sikuitegemea, ungali na matone ya maji, na juu ya pua na mashavuni palikuwa na alama ya buluu, rangi ya nili iliyotoka kwenye kitambaa cha burqa ikaingia ngozini kwa miaka arubaini. Ilikuwa kama barakoa nyingine chini ya barakoa. Mwangaza ulipenya kwenye makuti ukamwangukia mistari mistari. Rahma alishusha pumzi. Aliniambia kwa sauti ya chini, "Mwambie ana uso nisioupata kuuona. Mwulize kama naweza kumpiga picha moja."

Nilimwuliza. Umm Musallam alinitazama mimi, hakumtazama Rahma, akasema polepole ili nisikose neno. "Mwambie, nikivaa burqa yangu, sawa, apige anavyotaka, ni mgeni wetu. Lakini hivi nilivyo, hapana. Uso huu ameuona marehemu mume wangu na watoto niliowazaa, na wanawake wanaokula na mimi. Picha haijui mwanamume wala mwanamke."

Rahma alikuwa ameshainua kamera. "Anasemaje?" aliniuliza. Alinitazama kama nilivyopenda kutazamwa, kama mtu mwenye ufunguo. Nilijua vizuri kabisa nilichokisikia. Nimejaribu miaka yote kujidanganya kwamba Kiarabu cha kibedui kilinishinda, na haikuwa hivyo. Nilifikiri Rahma ataudhika. Nilifikiri juu ya wasichana wa skuli na pua zao. Na nilifikiri, hili ndilo la kunitia aibu zaidi, kwamba ni bedui tu, atajuaje.

"Anasema sawa," nikamjibu.

Umm Musallam alikuwa amegeuka kuichukua burqa yake kwenye msumari, uso umeelekea kwenye mwangaza. Kamera ikalia. Aligeuka haraka, burqa mkononi. "Amepiga?" aliniuliza. "Hapana, Mama," nilisema. "Anaijaribu tu kama inafanya kazi." Alinitazama muda, mimi nikatazama zulia. Kisha alivaa burqa, akafunga kamba kisogoni, akakaa wima akisubiri, na Rahma, aliyedhani mama yule mwenyewe ndiye aliyetaka, akampiga picha ya pili. Halafu tukasali wote safu moja. Nilisali nikiwa nimesimama kati ya wanawake wawili niliowadanganya, na sikumbuki nilisoma nini.

Wageni waliporudi kwao nyumba ilibaki kimya na Bibi akawa anapika chakula kingi kwa makosa. Baada ya miezi kadhaa msafiri mmoja alileta bahasha kutoka kwa Rahma, imejaa picha. Bibi alizitandaza juu ya mkeka akaziangalia moja moja: mdogo wake kwenye majabali ameziba macho, Musallam na ngamia, na ile ya Umm Musallam bila ya burqa, yenye maneno nyuma kwa mkono wa Rahma, "Mpelekeeni mwenyewe, kwa mapenzi." Bibi alimwita baba, akamwambia Ijumaa waende Mintirib kuipeleka. Siku ya pili asubuhi nikaichukua picha ile, nikaikatakata kwa mkasi, nikaizika kwenye bustani karibu na falaj, mfereji wetu wa maji. Nilipoulizwa nikasema labda upepo. Bibi aliitafuta mpaka chini ya magodoro. Njia ya mwongo ni fupi, wahenga wamesema, lakini yangu ilirefuka miaka mitatu zaidi, na hapo ndipo nilipoizoea.

Nilikuwa na miaka kumi na mitano Musallam alipokuja Ibra. Alikuja baada ya alasiri, peke yake, kanzu safi na kilemba kimefungwa vizuri. Baba alimkaribisha kwenye sabla, chumba chetu cha wageni, akamtilia kahawa. Musallam alikipokea kikombe akakiweka chini mbele yake bila ya kukinywa. Kwetu kila mtu anajua maana yake: mgeni ana jambo, na hatakunywa mpaka apate jibu. Akatoa mfukoni kadi ya posta yenye uso wa mama yake bila ya burqa. Alisema ameoneshwa kadi hiyo na mtalii mmoja, mwanamume, katikati ya safari, kwenye majabali yale yale. Kaichagua dukani Unguja kwa kuwa imempendeza, akaona amwulize mwelekezi wake kama huko jangwani kuna wanawake wa namna hii. Musallam aliichukua akamwambia hamjui. Aliendelea kuwatembeza wageni mpaka jioni.

Niliitwa. Kadi ilikuwa juu ya busati karibu na kile kikombe. Musallam hakunikaripia. Alisema, "Binti yangu, mama anasema alikataa. Labda wewe hukusikia vizuri, ulikuwa mtoto, hivyo ndivyo anavyosema yeye. Nataka kujua tu. Ulimwambia mgeni kwamba amekataa?"

Mlango ulifunguliwa mbele yangu, tena na mtu niliyemdhulumu mama yake. Ningesema sikusikia vizuri ningekuwa mwongo mdogo. Ningesema kweli ningekuwa mtu. Baba alikuwa ananitazama, na Bibi alikuwa amesimama nyuma ya pazia, niliuona upindo wa kanga yake. Nikasema, "Nilimwambia. Nilimwambia amekataa. Shangazi Rahma akapiga tu."

Musallam alitikisa kichwa polepole. Baba akasema kwamba kadi hizo zitaondolewa, kwamba uso wa mama yake ni uso wa mama yetu. Musallam akainua kikombe, kahawa imeshapoa, akanywa. Alinifanya nione kwamba ameniamini, na sijapata kuona adhabu kubwa kuliko ile.

Usiku haukuingia kabla Bibi hajapiga simu Unguja. Sauti yake niliisikia ikipanda, mwanamke ambaye hata kuku hakuwapigia kelele. "Mwanao ameniibia uso wa mwanamke ndani ya nyumba aliyokula chakula, Shemsa. Kaniaibisha na watu ninaoishi nao." Sijui upande wa pili ulisema nini, ila nilimsikia Bibi akijibu, "Mjukuu wangu hasemi uwongo." Rahma alikuwa amempa mwenye duka filamu ile bila ya kufikiri, na mwenye duka ndiye aliyechapisha kadi. Rahma alizikusanya zote zilizobaki akazichoma. Zilizouzwa zilikwisha kwenda, na maji yakimwagika hayazoleki. Bi Shemsa alipiga simu mara mbili mwezi ule. Bibi hakupokea. Dada wawili walioachanishwa na bahari na serikali, wakaonana, sasa walikuwa wameachanishwa na mimi.

Bibi aliishi miaka mitano mingine. Katika ugonjwa wake wa mwisho aliniuliza, "Shemsa hajapiga?" Hakuwa amepiga. Nilikuwa nimekaa kitandani pake namkanda miguu, chumba kina sisi wawili tu, na kweli ilikuwa ulimini mwangu. Nikamwambia, "Hajapiga, Bibi, lakini atapiga." Alifariki Jumatano. Nilikuwa mmoja wa waliommiminia maji ya kumkosha, na kila kata niliyomwaga niliona naosha mikono yangu, na haikosheki. Majuto ni mjukuu, na katika nyumba ile mjukuu nilikuwa mimi mwenyewe.

Ilinichukua miaka mingi zaidi kusema. Nilikuwa nimeolewa, nina watoto, nina kazi katika ofisi ya serikali Nizwa, na baba amestaafu. Siku moja alikuja kwangu, akawa anazungumza juu ya Rahma, kwamba amesikia anaumwa, kwamba hata hivyo hawezi kumpigia kwa lile alilomfanyia marehemu Bibi. Aliyasema kwa huzuni, si kwa hasira. Nikaweka chini sahani niliyokuwa nayo nikamwambia yote, kuanzia "mashaallah" ya kwanza. Baba alivaa kofia yake akatoka, akakaa ndani ya gari lake mbele ya mlango kwa muda wa nusu saa hivi. Kisha akapiga honi. Nilipotoka aliniambia, "Panda. Mintirib si mbali."

Musallam tulimkuta amekuwa mzee wa mvi, wanawe ndio wanaoendesha magari. Alinisikiliza amesimama, akamtazama baba, kisha akaniambia, "Ingia kwa mama. Huyo ndiye mwenye haki." Umm Musallam alikuwa amelala kwa ubavu katika nyumba ya matofali waliyoijenga mahali pa ile ya makuti, burqa usoni, macho yamefifia. Nilipiga magoti nikasema. Alijigeuza akanielekea.

"Niliisikia ile kamera," alisema. "Na nilikuona unavyotazama zulia. Nikasema, huyu mtoto atarudi kabla hawajapanda gari. Mlipoondoka nikasema, atarudi na baba yake. Mwanangu aliponiuliza, nilimwambia labda hukusikia. Nilikuachia njia." Alinyoosha mkono akanishika kiganja, mkono mkavu na mwepesi. "Mimi nimekusamehe duniani na akhera. Sina siku za kudai. Lakini yule bibi wa Zinjibari aliyenifundisha kusuka, umeshakwenda kwake?"

Nilikwenda mwezi uliofuata. Bi Shemsa alikuwa akiishi kwa Rahma, nyumba ya ghorofa Michenzani, amekaa kwenye kiti karibu na dirisha, mdogo kuliko nilivyomkumbuka. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba kabla hajajua ni nani. Nilipomaliza kueleza, wa kwanza kulia alikuwa Rahma. Alisema kwamba miaka yote alijua nilimwambia "sawa", lakini watu walivyokazana akaanza kujishuku mwenyewe, akadhani pengine alisikia alichotaka kukisikia. "Nilijiona mwizi," alisema. "Nilimwomba Mungu anisamehe kitu nisichokifanya." Bi Shemsa yeye hakulia. Aliuliza swali moja tu.

"Zaina alikufa akijua?"

"Hapana, Bibi."

"Ulikuwapo?"

"Nilikuwapo."

Aligeuza uso akatazama dirishani. Chini watoto walikuwa wakicheza mpira. "Basi alikwenda akidhani nimemlea mwizi," alisema, "na mimi nikidhani amenikana." Hakunitukana, hakunifukuza. Aliagiza niletewe chai, na nilipoaga aliniambia nimwache akae na jambo lile, kwani mimi nimekaa nalo miaka na yeye amelipata leo.

Sasa watoto wangu wananiuliza mbona nasumbuka kwa picha moja. Wao hupiga picha mia kabla ya chakula cha mchana. Mwaka jana skuli yao iliwapeleka kwenye majabali yale yale, na mabasi yalisimama msururu, na mwelekezi alikuwa kijana mwenye kipaza sauti. Walirudi na picha za kila jiwe na hakuna aliyekumbuka jina hata moja. Siwalaumu. Mimi niliyepewa majina nikayatupa nikatia jini, nina mdomo gani wa kulaumu? Linaloniuma ni jingine. Utotoni mwangu nyumba yetu ilikuwa na lugha mbili zilizojaa mpaka ukingoni, na mimi nilikuwa mtoto anayeweza kusimama katikati ya watu wawili wasioelewana akawafanya ndugu. Ule utajiri nikauchezea. Baada ya kufa Bibi niliona haya kusema Kiswahili ndani ya nyumba yangu, kila neno lilikuwa na sauti yake, basi nikaacha. Leo watoto wangu wana Kiarabu na Kiingereza, na cha bibi zao wana shikamoo tu, na hata hiyo huitupa kwa yeyote, mkubwa na mdogo.

Wiki moja baada ya kurudi kutoka Unguja, Rahma alinipigia akasema mama yake anataka kuzungumza. Tangu hapo kila Ijumaa baada ya sala naweka simu juu ya meza, na sauti ya Bi Shemsa inajaa chumbani. Anauliza nimepika nini, anasimulia jirani zake, anamtaja dada yake. Binti yangu mdogo ana miaka kumi na miwili. Hukaa karibu na mimi akiutazama mdomo wangu, na Ijumaa iliyopita, mzee alipomaliza maneno yake akanyamaza, alinivuta mkono wa nguo.

"Mama, bibi anasema nini?"

Nikamtafsiria, neno kwa neno, kwa Kiarabu. "Anasema bado hajanisamehe. Anasema anajaribu. Anasema tumpigie tena Ijumaa."